Maneno Kumi na Manne ya Kuchelewa

Vijana wangu wa ofisini, mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi ya ukalimani miaka yote ile ya Mjerumani, kabla kichwa hakijaanza kunidanganya. Nashukuru. Nilipokuwa kazini hakuna aliyeniuliza kitu zaidi ya ufunguo wa kabati uko wapi. Nimeurudisha mwezi uliopita, na leo nimekuwa mtu wa kutafutwa. Habari za vyeo nitaziruka. Nilikuwa mkalimani nilipoingia na nilikuwa mkalimani nilipotoka. Tofauti ni kwamba mwanzoni nilisimama, mwishoni nilipewa kigoda.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni yule karani mpya wa Waingereza. Alinijia na karatasi akasema kuna neno moja la Kiingereza, la kila siku tu, maana yake kuchelewesha jambo, naye anataka neno moja la Kiswahili la kuliweka mahali pake. Neno moja! Nikamwambia akae. Aliyechelewa amefika, ila jua limemtangulia. Aliyekawia hajaonekana, na nyumbani wameanza kuchungulia njia. Anayesita yuko mlangoni, miguu imefika lakini moyo haujafika. Anayejivuta anakuja, ila anataka uone kwamba hataki. Anayekuzungusha hana safari yoyote. Wewe ndiye unayetembea. Na mwenye mamlaka hafanyi hata moja katika hayo. Yeye huahirisha, na akiahirisha panapigwa muhuri. Karani aliniangalia, akakunja karatasi yake, akasema atarudi. Hajarudi, na sijui nimwandike chini ya neno gani.

Nilianza kazi Dodoma wakati reli inakuja. Baba yangu alikuwa Mrangi wa Kondoa, mfanyabiashara wa tumbaku, na mama yangu Mgogo wa upande wa Haneti. Kwa hiyo Kirangi nilikipata kwa baba, Kigogo kwa mama, Kiswahili na dini madrasani, na Kijerumani katika shule ya serikali huko pwani, ambako tulifundishwa kwa miaka miwili kusema kwamba paka yuko juu ya meza. Nilirudi bara nikijiona nimemaliza elimu ya dunia. Kumbe paka hakuwahi kufika bomani Dodoma hata siku moja.

Mkalimani mkubwa pale alikuwa Mzee Feruzi, mtu wa pwani aliyezunguka na misafara ya pembe tangu ujana wake, amechakaza viatu vingi kuliko meno. Ndiye aliyenipokea. Alinionyesha vifaa vya kazi: daftari, kalamu ya nibu, kengele ya ofisi, na saa kubwa ya ukutani iliyotoka Ulaya ndani ya sanduku lenye majani makavu. Kisha akanionyesha koo lake. "Hiki ndicho kifaa chenyewe," alisema. "Kila asubuhi unywe uji wa moto, usiongee na mtu mpaka umeitwa. Na ukikosea, useme umekosea kabla mwenzako hajavuliwa shati."

Bwana Shauri, yaani Mzungu mkuu wa boma, alikuwa mtu mrefu, mwembamba, msafi mno kwa nchi yenye vumbi kama yetu. Watu walimwita Bwana Mshale, kwa sababu ya mshale wa saa. Alipokuwa akihukumu alitazama ukutani kuliko alivyomtazama mshtakiwa. Nasema ukweli, hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Alipenda mambo yaende kwa wakati, na alikuwa tayari kumchapa yeyote ili yaende.

Siku yangu ya kwanza aliniambia niwatumie habari wazee kumi na wawili wa vijiji vya jirani, waje kesho yake saa nane. Alisema nane kwa Kijerumani, nami nikasema nane kwa Kiswahili. Tafsiri safi kabisa, mwalimu wangu angenipa alama zote. Wazee walifika saa nane mchana, wameoga, wamejipaka mafuta, mmoja ameleta na mbuzi. Bwana Mshale alikuwa ameketi barazani tangu saa mbili asubuhi, ambayo kwa saa yake ndiyo nane, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi mara tatu. Askari walikwisha kuleta kiboko. Wazee walisimama kwenye mstari wasijue wamefanya nini, na mimi nilisimama pembeni nikijua kila kitu.

Mzee Feruzi alitazama saa, akanitazama mimi, akaelewa. Akapiga hatua mbili mbele. "Bwana," alisema, "kosa ni letu wakalimani. Nane yako ni mbili yetu. Hawa wamekuja kwa wakati kuliko gari moshi lako." Nilidhani tutachapwa sote. Bwana Mshale alitazama saa kwa muda mrefu, akahesabu kwa vidole, halafu akacheka kupitia puani. Wazee wakaambiwa waketi. Mimi nikaambiwa nikafagie uwanja wa boma siku saba, na nikafagia kwa furaha. Mzee Feruzi hakunigombeza. Alipita nikifagia, akasema tu, "Umeona? Anaambilika."

Miaka iliyofuata ndiyo iliyonifundisha kazi. Niliwatafsiria watu walioshtakiana kwa ng'ombe, kwa wake, kwa kisima, na mmoja aliyemshtaki jirani kwa sababu jogoo wake anawika mapema. Lakini mashauri mengi, ukiyachambua, yalikuwa shauri moja: boma limetaka kitu leo, na watu wamekileta wakati wao. Wagogo wana ng'ombe, na ng'ombe hajui saa. Wana mvua inayokuja ikipenda. Kiswahili kwao ni lugha ya kuazima, na walikitumia kwa adabu ya mtu mwenye kitu cha kuazima: hawakusema "hapana" mbele ya mkubwa. Walisema kesho. Walisema keshokutwa. Walisema jua likifika hapa, wakinyoosha mkono kuelekea mahali fulani mbinguni, na Bwana Mshale akainua macho kutafuta namba.

Siku moja uvumilivu ulimwishia. Aliniita akasema, "Watu hawa wana maneno mangapi ya kuchelewa? Niandikie yote." Mzee Feruzi alikuwa ameanza kuumwa na macho, kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi, na mimi mwandiko wangu nilikuwa naupenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Niliandika siku mbili. Kuchelewa, kukawia, kulimatia, kusita, kujivuta, kuzungusha, kuduwaa, na kadhalika, kila moja na maelezo yake kwa Kijerumani. Yalifika kumi na matatu. Bwana Mshale alichukua kalamu nyekundu akachora safu pembeni, akaandika idadi ya viboko mbele ya kila neno. Kukawia, vitano. Kuchelewa, kumi. Kuzungusha, kumi na vitano. Kuahirisha akaliacha wazi, maana hilo lilikuwa lake.

Hapo ningeinuka nikaenda zangu kula. Lakini nilikuwa kijana, na nilitaka kuonekana mwerevu. Nikasema, "Bwana, limebaki moja." Nikaandika la kumi na nne: bado. Na mbele yake nikaandika hivi: "Neno la mtu asiyetaka, ila hataki kusema kwamba hataki." Bwana Mshale alisoma, akacheka mpaka akavua miwani. Alinipiga begani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunigusa bila kunisukuma, nami nikatoka pale kifua mbele. Mbele ya bado aliandika hamsa ishirini, vile viboko ishirini na vitano ambavyo nchi nzima ilivijua kwa jina hilo. Karatasi ikabandikwa ukutani chini ya saa.

Ninyi mnajua kama mimi kwamba nilichoandika ni uongo. Bado si kukataa. Ni neno lenye ahadi ndani yake. Mpishi akiulizwa chakula akasema bado, hajasema hutakula; amesema kaa, moto unawaka. Mzee Feruzi aliomba asomewe karatasi ile, nikamsomea mpaka mwisho.

"Hilo la mwisho lifute," alisema.

"Nitalifuta, mzee. Ni mzaha tu."

"Lini?"

"Kesho, mzee."

Alitikisa kichwa, akapapasa fimbo yake, akaondoka. Mwezi huohuo macho yalimshinda kabisa, akarudi kwao pwani. Karatasi ilibaki ukutani, na kesho yangu nikaisogeza kila siku mbele kidogo. Neno lile lilikuwa halijamdhuru mtu, nilijiambia, kwa nini nimkumbushe Mzungu kwamba nilimdanganya?

Sasa nafika kwenye shauri ninalotaka mlisome polepole. Tulikuwa tumepita miaka miwili ya ukame. Ng'ombe walikufa, maghala yalikuwa yanapigwa na upepo. Mwaka wa tatu mvua ilianza vizuri, na wakati huohuo mafundi wa reli wakataka watu wa kubeba mawe ya tuta. Boma likaagiza kila jumbe, yaani mkuu wa vijiji, alete watu wake. Jumbe Ndahani wa upande wa Haneti aliagizwa thelathini. Alikuwa ndugu wa mama yangu, si wa tumbo moja, lakini kwetu hilo halipimwi kwa uzi. Yeye alikuwa mjomba na mimi mpwa. Siku iliyotajwa ilipita, na ya pili, na ya tatu. Siku ya nne akaja mwenyewe kwa miguu, peke yake, udongo wa shamba umemkauka mpaka magotini.

Alinikuta barazani. "Mbukwenyi, mjomba," nikamwamkia. "Mbukwa, mpwa wangu," akajibu, na uso wake ukalegea. Alifurahi kuniona pale. Alisema alipokuwa njiani aliogopa, lakini akakumbuka kwamba mdomo wa Mzungu ni mtoto wa dada yake.

Tukaingia. Bwana Mshale hakumwambia akae. Aliuliza wako wapi watu thelathini, nami nikatafsiri. Mjomba alijibu kwa Kiswahili chake cha kuazima, pole pole, akichagua kila neno:

"Bado, Bwana. Mvua imekuja. Mbegu zikiingia ardhini, watu wanakuja wote, na mimi nakuja nao. Siku saba tu."

Lakini Bwana Mshale alikuwa ameshajua neno moja la Kiswahili, na ndilo nililomfundisha mimi. Aliposikia "bado" aliinua mkono, mengine yote hakuyasikiliza. Akageuka kwenye karatasi ukutani, akaweka kidole kwenye mstari wa kumi na nne. Akaniuliza kwa Kijerumani, "Mkalimani, ndivyo alivyosema? Ndivyo ulivyoandika?"

Maswali mawili, vijana, na kila moja lilihitaji jibu la maneno mawili matatu. Ningesema: nilikosea, Bwana. Ningesema: ameomba siku saba. Badala yake mimi, bingwa wa maneno ya kuchelewa, nilianza kuyatumia yote. Nilisema inategemea. Nilisema Wagogo hulitamka kwa namna yao. Nikamwomba mjomba arudie, akarudia vilevile, Bwana Mshale akiwa anautazama mshale wa saa. Nikasema huenda nina haja ya kuangalia daftari. Niliangusha wino, nikaupangusa kwa uangalifu mkubwa sana. Mjomba alikuwa ananitazama kwa utulivu, akiamini kwamba kazi yetu ndivyo inavyofanywa. Nilizunguka hivyo mpaka kengele ya saa sita ikalia, na Bwana Mshale, ambaye hajapata kula hata mara moja kwa kuchelewa, akasimama. "Limeahirishwa," alisema. Mjomba akapelekwa mahabusu mpaka kesho yake.

Nilikuwa na mchana mzima. Nyumba ya Bwana Mshale ilikuwa hatua mia mbili kutoka ofisini. Alikuwa anakaa kibarazani akivuta kiko, na mtu yeyote mwenye neno alimwendea. Nilikwenda mpaka kwenye uzio. Nikaona anaandika barua, nikajiambia nisimkatize. Nikarudi. Nikaenda tena, akawa amelala kitini. Nikaona ni vyema mtu apumzike. Sikuwahi kuwa na adabu nyingi kama mchana ule.

Asubuhi alinisubiri kidole kikiwa kwenye karatasi. Nami nilikuwa nimepata dawa, dawa nzuri isiyomwudhi mtu yeyote ila mgonjwa. Nikasema, "Bwana, nimemhoji. Alitaka kusema wamechelewa. Kiswahili chake ni kibovu." Kidole kikapanda juu kutoka mstari wa kumi na nne hadi mstari wa kuchelewa. Kumi badala ya ishirini na vitano. Nilijisikia nimemwokoa mjomba, na nilipokuwa nahesabu viboko kwa sauti, kama ilivyokuwa kazi yangu, nilihesabu haraka ili viishe.

Ila mtu aliyechelewa, kwa akili ya Bwana Mshale, hana sababu ya kuendelea kuchelewa. Siku ileile askari sita walitumwa Haneti kuwachukua watu thelathini mashambani. Waliwakuta majembe mikononi. Nimeambiwa mbegu ziliachwa ndani ya vibuyu kando ya mashamba, na wanawake na wazee wakapanda walichoweza. Mvua ilinyesha siku tisa, ikakata. Waliopanda ndani ya siku zile walivuna uwele. Vijiji vya mjomba havikuvuna kitu cha kumtosha mtu. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amemzika mama yake na mtoto wa binti yake. Aliomba siku saba tu, na mtu pekee katika chumba kile aliyesikia kwamba ameomba siku saba ni mimi.

Nilikwenda Haneti mwaka uliofuata. Nilibeba chumvi na kitambaa, kana kwamba kuna duka la kununua jambo kama lile. Mke wa mjomba alinikaribisha ndani ya tembe, akanipa kigoda, akasema mwenyewe yuko malishoni, ningoje. Nilingoja siku ile. Alirudi jioni, akanipita kwenda zizini. Nilingoja siku ya pili. Siku ya tatu, asubuhi, alinikuta uani, akaketi mbele yangu, akasema, "Sema, mpwa."

Nikasema. Nilisema kwa Kigogo, lugha ya mama yangu, nisije nikapata mahali pa kujificha. Nilimweleza juu ya karatasi, na mzaha wangu, na uzio wa Bwana Mshale, na jinsi alivyoomba siku saba na mimi nikampelekea Mzungu kitu kingine. Nililia, nasema wazi. Alikuwa hajui. Mwaka mzima alidhani Bwana Mshale alielezwa yote, akakataa.

Mkewe akatoka nje kuangalia kama tupo. Mjomba akaniuliza, "Yule Mzungu, yeye anajua?"

"Hajui, mjomba."

"Kwa hiyo kwenye kitabu chake mimi ni mtu aliyechelewa."

"Ndiyo, mjomba."

"Basi mimi usiniambie tena. Kamwambie yeye."

Nikasema nitamwambia. Aliondoka kwenda kwa ng'ombe wake, nami nikarudi Dodoma, mwendo wa siku mbili, nikiwa nimeyapanga maneno ya Kijerumani moja baada ya jingine. Yalikuwa tayari nilipofika bomani. Siku ile Bwana Mshale alikuwa na homa. Wiki iliyofuata alikuwa na mgeni. Kisha alikuwa na hasira, kisha alikuwa na furaha, na ni nani anayependa kumharibia mtu furaha? Nilipewa kigoda, nikawa nakaa hatua mbili kutoka kwenye kiti chake, mwaka baada ya mwaka. Jumbe Ndahani alifariki kabla ya vita. Mazishini walinipa jembe, nikatupa udongo wangu kama wengine, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Vita vilipokaribia, Bwana Mshale alipewa amri ya kuondoka na gari moshi. Nilimbebea sanduku lake dogo mpaka stesheni. Majeshi ya Waingereza yalikuwa yakisemwa yako Kondoa, watu wanakimbizana na magunia, naye alisimama jukwaani amenyooka, ameshika saa yake ya mfukoni. Alinipa mkono. Alisema nimekuwa mkalimani mwaminifu, na katika miaka yote hajapata kunishika na uongo hata mmoja. Kisha akapanda, akainama dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaniuliza swali kwa Kiswahili.

"Mkalimani, una neno?"

Filimbi ilikuwa haijapigwa. Palikuwa na nafasi ya kutosha.

"Sina, Bwana," nikasema.

Gari moshi likaondoka kwa wakati wake.